Twende na watoto kando ya maji



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo tuliwaomba watoto wa mwaka wa tatu wa msingi wachore mto, pamoja na kila kitu wanachojua kinaishi ndani yake na kando yake. Hawa ni watoto wa Kisangani. Mto Kongo unapita kusini mwa mji wao, mto Tshopo unapita kaskazini. Tulifikiri madaftari yatajaa samaki, ndege, mitumbwi na mitego.

Haikuwa hivyo. Wengi walichora samaki mmoja tu, naye alifanana na yule wa kwenye mkebe wa sardini. Wawili walichora kiboko waliyemwona kitabuni. Mvulana mmoja alichora daraja la Tshopo, na chini ya daraja akachora watu wamelala. Tukamwuliza: «Hawa ni nani?» Akajibu bila kusita: «Ni wale walio ndani ya maji. Mama alisema wako mule, ndiyo sababu sisi hatuendi kule.»

Mtoto huyo ana miaka minane.

Tuliyoyaona sisi

Hatukumkaripia, na hatukumwambia kwamba mama yake amesema uongo. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wakati ule. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000 tulilala chini ya vitanda na nyuma ya kuta za matofali, wakati jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipopigana katikati ya mji wetu. Mabomu zaidi ya 6 000 yalianguka. Raia zaidi ya 700 walikufa. Upande wa daraja la Tshopo ndio ulioumia sana. Umeme ulikatika, pampu za maji zikasimama, na watu wakarudi kuchota maji ya mtoni na kuyanywa hivyo hivyo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Mei 2002, mji ulilia tena. Safari hiyo watu wengine waliuawa pale pale darajani na miili yao ikatupwa majini. Kila kartie ina jamaa ambayo haikupata mtu wake wa kuzika. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamua Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake. Lakini hukumu ya mahakama haimfundishi mama namna ya kupita juu ya lile daraja akiwa amemshika mtoto mkono.

Basi wengi wetu tulifanya jambo rahisi: tuliwakataza watoto kwenda mtoni. Tuliwaambia kuna mamba, kuna mashetani, kuna wafu. Kwa kweli kuna hatari, maana maji huua wasiojua kuogelea na wanaojua pia. Lakini tulipotazama zile karatasi darasani, tuliona kwamba tumewapa watoto wetu woga wetu, na hatukuwapa kitu kingine chochote juu ya mto unaowalisha.

Mkutano wa Alhamisi

Jambo hili tulilileta katika mkutano wa chama. Tulipendekeza kwamba Jumamosi moja kwa mwezi tuwatembeze watoto kando ya maji, bila kuogelea, kwa miguu tu, kutazama ndege, vipepeo, miti na wavuvi. Mama mmoja akacheka: «Mwalimu, hayo ni matembezi ya wazungu.»

Ni kweli kwamba wazungu wanayapenda. Katika nchi ya Uingereza mashamba yanazunguka maziwa mengi ya maji ya kunywa yaliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Moja linaitwa Rutland Water. Lilipatikana katika miaka ya 1970, walipojenga baraji na kuacha bonde lijae maji. Leo jamaa hulizunguka kwa miguu na kwa kinga, na chakula chao mfukoni. Mwaka 1996 walianza kurudisha pale ndege mkubwa mla samaki aitwaye osprey, ambaye alikuwa amepotea katika sehemu ile tangu zamani. Mwaka 2001 ndege hao walizaa. Wakati wa baridi wanaruka hadi Afrika ya Magharibi, kisha wanarudi kwenye maji yale yale.

Lakini tulimwambia yule mama kwamba hata kabla ya wazungu kutembea, bibi zetu walitembea. Walijua siku ya vipepeo kushuka mchangani, walijua ndege gani analia mvua ikikaribia. Tena na sisi tuna baraji letu hapa hapa, lililojengwa katika miaka ya 1950, na nyuma yake maji ya Tshopo yametulia kama ziwa. Wengi wetu tunalijua siku umeme unapokosekana tu.

Mama wa yule mvulana alikuwapo. Alisimama na kusema: «Mimi mtoto wangu mmpeleke popote, lakini si pale. Mnataka ajue nini? Mimi ninajua vya kutosha kwa ajili yake.» Kimya kikaingia. Ndipo mama mmoja mzee, muuza samaki tangu ujana wake, akasema polepole: «Binti yangu, maji hayakuua mtu. Watu ndio waliua. Maji yalibeba tu.»

Hatukupiga kura. Tulikubaliana kwamba anayetaka atakuja, na asiyetaka hataulizwa sababu.

Jumamosi ya kwanza

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, kabla ya jua kukaza. Tulikuwa wamama tisa na watoto ishirini na watatu. Wenye watoto wadogo walichukua toleka hadi karibu na daraja, wengine tulitembea. Ilikuwa mwezi wa pili. Hapa kwetu, karibu sana na mstari wa ikweta, mvua haiachi kabisa mwezi wowote, lakini wakati ule inapungua, na mawe ya mtoni yanatokea.

Watoto walianza na kelele. Tuliwapa kazi moja: kila mtu anyamaze kwa muda wa kuhesabu hadi mia, kisha aseme alichokiona. Kazi hii ni nzuri kuliko somo refu.

Walipomaliza kuhesabu, walikuwa wameona mengi. Waliona yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetingisha mkia juu ya mawe, akikimbia badala ya kuruka. Waliona yangeyange weupe wawili. Waliona mnandi, ndege mweusi anayezama na kuvua, kisha anakaa juu ya jiwe na kufungua mabawa yakauke kama nguo kwenye kamba. Msichana mmoja alituonyesha kenge aliyekuwa amelala juu ya gogo. Sisi wakubwa hatukumwona mpaka alipojirusha majini. Juu ya mchanga wenye unyevu vipepeo vya njano na vya kijani vilikuwa vimekusanyika wakinywa. Watoto waliuliza kwa nini wanapenda tope. Tuliwajibu: wanatafuta chumvi.

Lakini aliyewashinda wote ni mdiria, yule ndege mvuvi. Anasimama hewani mahali pamoja, mabawa yakipiga haraka, kichwa hakitikisiki. Kisha anaanguka kama jiwe, anatoka na samaki, anampiga kichwa juu ya tawi, anammeza. Watoto walipiga makofi. Mdiria hakujali.

Tulitazama na miti. Ule wenye majani yaliyofunguka kama mwavuli, ambao wengi tunauita parasolier, ndio unaoota kwanza mahali ambapo msitu umekatwa. Unakua upesi, unatia kivuli, na chini ya kivuli chake miti ya msitu wenyewe inaanza kurudi. Baada ya miaka ishirini hivi unakufa na kuiachia nafasi ile miti mingine.

Kwa mbali tuliwaonyesha baraji. Tuliwaeleza hivi: maji yanazuiliwa ili yapate kina na nguvu, yanashushwa kwa mabomba, yanazungusha mashini kubwa, mashini zinatoa umeme. Na maji tunayokunywa mjini pia yanatoka Tshopo hii, yakisafishwa kwanza. Mtoto mmoja akauliza: «Basi tukitupa uchafu hapa, tunaunywa sisi wenyewe?» Hatukuwa na la kuongeza.

Mama aliyesimama mbali

Yule mvulana alikuwa nasi. Alikuja na shangazi yake. Lakini karibu saa mbili tulimwona mama yake amesimama upande wa barabara, mbali kidogo, mtoto mchanga mgongoni. Hakukaribia. Tuliheshimu mahali pake.

Mtoto alipomwona alimkimbilia, akamvuta kitenge: «Mama, njoo uone ndege anayesimama hewani!» Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja hatua chache, akasimama. Mdiria akaanguka majini, akatoka mtupu. Akajaribu tena, akatoka mtupu. Mara ya tatu akapata. Yule mama akauliza kwa sauti ndogo: «Anakaa wapi usiku?»

Tulimwambia kwamba anachimba shimo kwenye ukingo wa udongo, refu kuliko mkono wa mtu, na huko ndani anatotoa vifaranga.

Alitazama ukingo kwa muda mrefu. Baadaye alikwenda peke yake hadi kwenye maji, akachota kwa kiganja, akamwaga. Hakuna aliyemwuliza kitu. Wale kati yetu waliokuwa na mtu wao wa kukumbuka walifanya kama yeye. Watoto waliendelea kuhesabu ndege.

Upande wa Wagenia

Jumamosi ya pili tulikwenda Wagenia, mashariki ya mji. Wageni hutoka mbali kuja kuona mahali hapa, na kuna watoto wa Mangobo ambao hawajawahi kupafika.

Maporomoko ya pale ni ya mwisho kati ya saba yanayoitwa maporomoko ya Boyoma. Yanaanza Ubundu, na kwa zaidi ya kilomita 100 mto unashuka kiasi cha metro 60. Ndiyo sababu meli haiwezi kupanda kutoka hapa hadi Ubundu, na ndiyo sababu reli ya kilomita 125 hivi ilijengwa kando ya mto na kumalizika mwaka 1906. Watoto walielewa jiografia siku ile kuliko kwa mwezi mzima wa ubao na chaki.

Wavuvi wa Wagenia wamesimamisha magogo makubwa ndani ya mashimo ya mawe, katikati ya maji yanayonguruma. Wameyafunga kwa kamba za msituni, na kwenye magogo wametundika vikapu vyenye umbo la tarumbeta, vipana kuliko mlango wa nyumba. Maji yanaingia kwa nguvu, samaki anasukumwa hadi mwisho wa kikapu, hawezi kugeuka. Baba mmoja mvuvi aliwaambia watoto kwamba kila mahali pa kutegea pana jamaa yake, na mtoto anapaacha kwa mtoto wake. Aliwaonyesha meno ya mbenga, samaki mkali wa mto huu, na mvulana mmoja akaficha vidole nyuma ya mgongo.

Upande wa juu wa maporomoko kiko kisiwa cha Mbiye, chenye msitu ambao walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanausoma, miti na wadudu wake. Tunatamani kufika huko, lakini hatuwezi kupakia watoto ndani ya mtumbwi bila jileti za kujiokoa. Tukizipata, tutakwenda.

Jioni, tukirudi, kasuku wa kijivu walipita juu wakipiga kelele, wanne au watano. Bibi mmoja alisema kwamba utotoni mwake walipita kwa makundi makubwa. Wamekamatwa wengi mno kwa biashara. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa msituni. Mtoto akituomba tumnunulie kasuku, sasa tuna jibu: tutakupeleka ukamwone akiruka.

Jicho la mtoto si dogo

Kuna wamama walioturudia na neno hili: «Ndege na vipepeo vitamsaidia nini mtoto? Afadhali ahesabu.» Tunawajibu kwa habari ya jimbo letu wenyewe.

Mwezi wa sita mwaka 2007 watafiti walifika Opala, hapa hapa Tshopo. Katika nyumba ya mkurugenzi wa masomo ya msingi walikuta tumbili mdogo aliyefungwa, ambaye binti wa nyumba alikuwa akimtunza. Uso wake ulikuwa mrefu na mweupeweupe, macho yake kama ya mtu. Wakauliza anaitwaje. Wakaambiwa: lesula. Wawindaji wa pale walimjua tangu zamani, lakini hakuwamo katika kitabu chochote cha wataalamu duniani. Mwaka 2012 lesula alitangazwa rasmi kuwa aina mpya ya tumbili. Mwaka 2016 msitu anamoishi ukawa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema.

Kwa hiyo tumbili ambaye dunia nzima ilikuwa haijamwona vizuri, mtoto wa masomo alikuwa akimlisha uani kwao. Nani anajua watoto wetu watatuonyesha nini, tukiwapa nafasi ya kutazama?

Mkitaka kufanya kama sisi

Vikundi vingine vya wamama vimetuuliza tunafanyaje. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Mama mmoja awe na watoto watatu, wasizidi. Wahesabuni mkiondoka, mkifika, kila nusu saa, na mkirudi. Kila mtoto amjue mwenzake wa kushikana naye mkono.

Hakuna kuingia majini, hata hadi kwenye kifundo cha mguu. Maji yaliyotulia yenye konokono yanaweza kuleta bilharzia, na mawe ya maporomoko yana utelezi. Karibu na baraji kataza kabisa: maji yanayoonekana yamelala yana mvuto chini, na yanaweza kuongezeka ghafla.

Kabla ya siku, mwendeni mkawaone mkuu wa kartie na walinzi wa mahali. Msipige picha za mashini za umeme. Kwa wavuvi ombeni ruhusa, na mkiweza nunueni samaki wao. Mtapokelewa vizuri safari nyingine.

Chukueni maji yaliyochemshwa, sabuni, na chakula cha kawaida: lituma, kwanga, karanga, ndizi. Msinunue biskuti za bei, wala zile zenye mifuko inayobaki kando ya mto. Kila kilichokuja nanyi kirudi nanyi.

Rudini kabla ya mvua ya mchana. Na mtoto akiuliza juu ya vita, msimnyamazishe. Mwambieni ukweli kwa maneno machache, kisha mwacheni aulize lingine.

Karatasi ya pili

Mwisho wa mwezi wa tatu tuliwapa watoto karatasi tena: chora mto. Safari hii hazikutosha. Kulikuwa na vikapu vya Wagenia, kenge juu ya gogo, mnandi mwenye nguo zake kwenye kamba, parasolier, na baraji lenye waya zinazofika hadi nyumbani kwa mchoraji, taa ikiwaka.

Yule mvulana alichora tena daraja. Juu ya daraja aliweka mama mwenye mtoto mgongoni, na pembeni ndege anayesimama hewani. Chini ya daraja palikuwa na mtu mmoja tu, amelala ndani ya maji kama mara ya kwanza. Lakini kando yake mtoto alikuwa ameandika jina.

«Ni mjomba wangu,» alisema. «Mama amenieleza. Alijua kuvua kuliko wote.»

Karatasi hiyo tumeipeleka kwa mama yake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunaondoka tena, saa kumi na mbili na nusu. Mwenye kuweza aje na kofia, na mwenye darubini ya mababu iliyobaki sandukuni aitoe, hata kama jicho lake moja limevunjika.